Kisamvu Hakiingii Kwenye Kopo

Kiangazi kikifika, ming'oko huuzwa stendi za Nachingwea na Ruangwa: mizizi ya porini, imechemshwa, unamenya kwa mkono na kula. Siku hizi wachuuzi wa virutubisho nao wamekuja na spika zao, wakinadi makopo ya vidonge vya “asili ya mababu” vinavyoongeza umri. Ni ulaghai, na unakera zaidi kwa kuwa anayeuziwa ndiye mwenye asili yenyewe shambani.

Wana la kujitetea. Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa Kilimanjaro kwa wanaume 77. Waliotolewa kwenye chakula cha kienyeji na kulishwa cha kizungu kwa wiki mbili, viashiria vya uvimbe katika damu vilipanda. Waliozoea cha kizungu wakahamishiwa cha kienyeji, vikashuka. Wengine walipewa mbege. Kidonge hakikuwamo.

Kliniki nazo huwapa wajawazito vidonge vya madini ya chuma. Sawa, lakini huo ni upungufu unaozuiwa au kutibiwa, si miaka inayonunuliwa.

Jambo lenyewe liko Finland. Watafiti waliona kwamba wanaokula sana mboga na matunda hawaugui sana saratani ya mapafu. Wakashuku beta-karotini, kiini hicho hicho kilichomo kwenye kisamvu, wakakitoa na kukitia kwenye kidonge. Wavuta sigara 29,133 wakagawanywa, baadhi wakimeza miligramu 20 kila siku kwa miaka kadhaa. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliomeza beta-karotini waliugua saratani hiyo zaidi, kwa asilimia 18. Kiini kile kile, bila jani lake! Kisamvu kinatwangwa, kinachemshwa sana, kinaungwa kwa karanga au nazi, kinaliwa na ugali wa mtama baada ya siku ya jembe. Ni kipi katika hayo kilichowafaa wazee? Mwenye kopo hajui, wala hajali. Amechukua kimoja, akakipa bei ya vyote.

Halafu asili yenyewe si malaika. Muhogo mchungu usipoandaliwa vizuri huleta konzo, kupooza miguu, na Mtwara jirani wanaijua. Bibi aliyejua kuuloweka na kuuanika hakuandikwa kwenye kibandiko chochote.

Na fedha ya kopo inatoka wapi? Kwenye ufuta na mbaazi zinazopelekwa mnadani. Mbaazi hizo hizo, India ilipobana uagizaji mwaka 2017 na bei ikaporomoka, hazikupata mpiga debe wa kuziita chakula cha kuongeza umri.