Meza Mbili za Athene na Mlolongo Wetu wa 1988



Wapo hata leo wanaosema kwamba mlolongo haukuwa mbaya. Watakuambia kwamba foleni haina gharama, haihitaji karatasi wala masanduku, na kwamba Mwafrika halisi hana haja ya kujificha anapomchagua kiongozi wake. Maneno hayo ni matamu masikioni mwa kijana wa Kangemi au wa Parklands aliyezaliwa baada ya 1988, kwa sababu yaliyotendeka mwaka ule hakuyaona. Tahariri hii yataka kuwajibu wasemaji hao, na jibu lenyewe twalitafuta mbali: Athene, mji wa Wayunani wa kale, ambako jambo hili hili lilijaribiwa zaidi ya miaka 2,400 iliyopita.

Waumini wana sababu ya pekee ya kusikiliza. Neno ambalo Agano Jipya la Kiyunani hulitumia kwa kanisa ni ekklesia. Kabla Wakristo hawajalitwaa, ekklesia lilikuwa jina la mkutano wa raia wa Athene, waliokusanyika juu ya kilima cha Pnyx kujadili vita, amani, fedha na sheria. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 19, kusanyiko la watu wa Efeso ambalo karani wa mji alilivunja laitwa kwa neno hilo hilo. Liturujia nayo yatokana na leitourgia, yaani utumishi ambao tajiri aliutolea mji kwa mali yake, kama vile kugharimia merikebu ya vita au kundi la waimbaji wa tamasha. Basi anayemwambia mchungaji kwamba mambo ya raia hayamhusu, na ayarudishe kwanza maneno hayo kwa wenyewe.

Hata neno letu kura, lililotujia kutoka Kiarabu, asili yake ni kile kinachotupwa ili kiamue, kama mitume walivyofanya walipomtafuta wa kushika nafasi ya Yuda. Waathene walilijua jambo hilo vyema. Baraza lao la watu 500, na waamuzi 6,000 wa mahakama kila mwaka, walipatikana kwa kura ya namna hiyo, ili mwenye fedha asiweze kujua ni nani wa kumhonga.

Tuliyoyaona sisi

Tukumbushane. Mnamo Agosti 1986, chama cha KANU, kilichokuwa chama pekee kwa mujibu wa sheria tangu Juni 1982, kiliamua kwamba wagombea wake wateuliwe kwa wapiga kura kupanga mstari nyuma yao au nyuma ya mawakala wao. Mwezi huo huo wachungaji wa Baraza la Kitaifa la Makanisa walikutana katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, wakapinga. Hoja yao ilikuwa rahisi: mchungaji akisimama hadharani nyuma ya mgombea mmoja, kesho atawahubiri vipi walioshika mstari mwingine? Serikali ikatangaza kwamba viongozi wa dini hawatalazimika kupanga foleni. Lakini mwalimu, mchuuzi, mpangaji na mke wa nyumbani waliachwa juani.

Mwezi Februari 1988 mlolongo ukapangwa. Aliyetangazwa kupata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa, wala hakurudi kwa wananchi katika uchaguzi wa Machi. Na hapo ndipo ule wema wa uwazi ulipofichuka. Mistari mirefu ilitangazwa mifupi, na mifupi ikatangazwa mirefu, mchana kweupe. Aliyelalamika aliulizwa ushahidi. Ushahidi gani? Foleni ikishavunjika, watu wameondoka na vumbi limetulia. Hakuna karatasi ya kuhesabu mara ya pili. Jarida la Beyond, lililotolewa na Baraza la Makanisa, lilipoandika habari za udanganyifu huo, lilipigwa marufuku mwezi Machi 1988, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa jela.

Kwa hiyo mlolongo ulitunyima mambo mawili kwa pamoja. Ulituvua siri, ili wakubwa wajue nani amesimama wapi. Kisha ukatunyima hesabu, ili tusiweze kuthibitisha tuliyoyaona. Uwazi ulikuwa wa upande mmoja tu, upande wa mwananchi.

Meza mbili

Sasa twende Athene. Mwaka 404 K.K. mji huo ulishindwa vitani na Sparta, na kwa msaada wa washindi wakatawazwa watu 30, ambao historia yawaita Madhalimu Thelathini. Yasemekana waliwaua watu wapatao 1,500 kwa muda wa miezi michache. Lakini hawakufuta baraza wala hawakufuta kura. Walifanya jambo la hila zaidi.

Msemaji Lysias, ambaye ndugu yake Polemarchus alilazimishwa na Thelathini kunywa sumu, ameeleza jinsi kesi zilivyoendeshwa. Hapo kale wapiga kura walitumbukiza kura zao ndani ya vyombo. Thelathini waliviondoa vyombo hivyo, wakaketi wenyewe mbele, na mbele yao zikawekwa meza mbili. Kila mjumbe aliinuka na kuweka kura yake juu ya meza, machoni pa wakubwa: meza moja ya kumwachilia mshtakiwa, nyingine ya kumhukumu. Ni nani basi angeinuka akaweka kura ya kuachilia, hali mwenye upanga anamtazama usoni?

Ndugu msomaji, umeziona meza hizo. Sisi tuliziita mlolongo.

Wala si kwamba Waathene walikuwa hawajui njia bora. Katika mahakama zao za karne ya nne K.K. kila mwamuzi alipewa vipande viwili vya shaba vilivyofanana na gurudumu dogo lenye mhimili. Mhimili mmoja ulikuwa na tundu, mwingine ulikuwa mzima: wenye tundu kwa mshtaki, mzima kwa mshtakiwa. Mwamuzi alizishika ncha kwa kidole gumba na kidole kingine, asionekane ameshika kipi. Kimoja akakitia katika chombo cha shaba kinachohesabiwa, cha pili katika chombo cha mbao kinachotupwa. Wachimbaji wa mambo ya kale wamevipata vipande hivyo katika soko la Athene. Hakuna ubwanyenye katika shaba ile. Ilitengenezwa ili mfinyanzi aweze kumhukumu tajiri pasipo tajiri huyo kumjia kesho yake.

Wakati huo huo Sparta waliwachagua wazee wa baraza lao kwa kelele. Wagombea walipita mmoja mmoja mbele ya umati, na watu waliofungiwa katika nyumba ya karibu wakaamua ni nani aliyepigiwa makelele makubwa zaidi. Mwanafalsafa Aristotle aliuita utaratibu huo wa kitoto. Twajiuliza angeitaje hesabu ya mistari yetu.

Haki lazima isemwe yote

Mpinzani wetu anaweza kusema: mbona Waathene wenyewe waliinua mikono hadharani katika mkutano wao, hata walipowachagua majemadari? Kweli, waliinua. Na tazama yaliyowapata. Mwaka 415 K.K. walijadili kupeleka jeshi kubwa kisiwani Sicily. Mwanahistoria Thucydides aandika kwamba wale walioona hatari ya safari hiyo walinyamaza, wasije wakainua mkono kinyume na wengi wakaonekana si wazalendo. Jeshi likaenda, na miaka miwili baadaye likaangamia, merikebu pamoja na watu. Kimya cha watu wenye hofu kiligharimu mji kuliko maneno yote ya wapinzani wake. Nchi iliyofundishwa kuimba wimbo mmoja yapaswa kulielewa funzo hilo kuliko nchi nyingine yoyote.

Tena, siri peke yake haitoshi. Waathene walikuwa na desturi ya kumfukuza mtu mwenye nguvu za kutisha kwa muda wa miaka kumi, bila kumnyang'anya mali yake. Kila raia alikwaruza jina juu ya kigae, na zilihitajika kura 6,000. Miaka ya 1930 wachimbaji walikuta kisimani, ubavuni mwa ngome ya Akropoli, vigae 190 vyenye jina la Themistocles. Walipochunguza mwandiko, waligundua kwamba vigae vyote viliandikwa na mikono kama 14 tu. Kikundi kidogo kilikuwa kimeandaa kura mapema, tayari kuwagawia watu. Kumbe karatasi iliyotiwa alama kabla ya mpiga kura kufika si uvumbuzi wa Kenya! Dawa yake ni ile ile ya zamani: macho mengi langoni, na hesabu mbele ya watu.

Wala hatumwiti Mwathene malaika. Raia wenye haki ya kusema juu ya kile kilima walikuwa wanaume tu, makumi machache ya maelfu. Wanawake hawakupiga kura. Wageni walioishi mjini, kama Lysias mwenyewe, hawakupiga kura. Watumwa walikufa gizani wakichimba fedha ya Laurion, iliyojenga merikebu za mji huo huru. Mwaka 416 K.K. demokrasia hiyo iliwaua wanaume wa kisiwa cha Melos na kuwauza wanawake na watoto. Mwaka 399 K.K. ilimhukumu Socrates kifo, kwa kura halali. Yeye aliyekuwa amekataa amri ya Thelathini ya kwenda kumkamata mtu asiye na hatia. Wengi nao hukosea. Ndiyo maana katiba njema huweka haki za mtu mahali ambapo hata wengi hawawezi kuzifikia, na ndiyo maana akina mama walioketi Uhuru Park kuanzia Februari 1992 wakiwadai wana wao waliofungwa walikuwa raia kamili kuliko Mwathene yeyote.

La kufanya

Mlolongo haukuondoka wenyewe. Uliondolewa Desemba 1990, katika mkutano wa KANU pale Kasarani, baada ya mahubiri, baada ya Saba Saba ya 1990, baada ya watu kuwekwa kizuizini na wengine kuzikwa. Mwaka mmoja baadaye kifungu cha 2A kikafutwa. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 imeandika, katika Ibara ya 81, kwamba uchaguzi huru ni ule wa kura ya siri. Na tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipobatilisha matokeo ya urais, iliweza kufanya hivyo kwa sababu zilikuwapo fomu za kukagua. Foleni haiachi fomu.

Lakini meza mbili hurudi kwa sura mpya. Nchini Uganda, wenyeviti wa vijiji walichaguliwa Julai 2018 kwa watu kupanga mstari. Hapa kwetu, anayenunua kitambulisho chako ameweka meza. Anayekuamuru upige picha karatasi yako ya kura kwa simu ili akulipe ameweka meza. Anayekufundisha ujifanye hujui kusoma ili wakala wake akusaidie ameweka meza. Na chama kinachohubiri demokrasia majukwaani, kisha kikawateua wagombea wake chumbani au kwa kuhesabu vichwa uwanjani, hicho nacho kina meza zake.

Twawaomba basi wasomaji wetu wa Westlands na jiji zima mambo matatu. La kwanza, kila kanisa lenye ukumbi liufungue kwa mafunzo ya uraia, tangu Kangemi hadi Parklands, na lifanye hivyo sasa, kabla magari ya kampeni hayajaanza kupita. La pili, kila mwanachama wa chama chochote adai kwamba mchujo uwe kwa kura ya siri na hesabu ya hadharani. La tatu, tuige jema lingine la Waathene: kila ofisa wao, mwaka wake wa utumishi ulipokwisha, alilazimika kutoa hesabu mbele ya wakaguzi, na raia yeyote aliweza kusimama na kumshtaki. Mwakilishi wa wadi na mbunge waitwe kila mwaka mbele ya waliowachagua, waeleze fedha za maendeleo zilikokwenda, shilingi kwa shilingi.

Demokrasia ya Athene ilirudi mwaka 403 K.K. Waliorudi hawakulipiza kisasi kwa jumla. Waliapa kutokumbushana maovu, isipokuwa kwa wale Thelathini na wasaidizi wao wakuu, ambao walitakiwa kutoa hesabu ya matendo yao. Huruma kwa walio wengi, hesabu kwa wenye madaraka: hayo ndiyo mapatano ya watu wazima. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, nasi ulimwengu umekwisha kutufunza mara moja. Mtu akija kukushawishi upange foleni tena, mwulize kwanza: nani ameketi nyuma ya meza, naye anataka kumwona nani?