Mitandao midogo, sauti ya wenyewe

Mastodon, mtandao wa kijamii ulioanzishwa na Eugen Rochko nchini Ujerumani mwaka 2016, hauna mmiliki mmoja. Ni maelfu ya seva, kila moja na msimamizi na kanuni zake, zinazowasiliana kwa itifaki ya ActivityPub. Machapisho hufuatana kwa saa yalipotumwa, bila matangazo ya biashara kusukumwa mbele ya msomaji. Elon Musk aliponunua Twitter kwa dola bilioni 44 mwaka 2022, wengi walihamia Mastodon. Asiyeridhika na seva yake huhama na wafuasi wake, uhuru ambao mitandao mikubwa haiutoi, ingawa machapisho ya zamani hubaki nyuma. Gharama, hata hivyo, humwangukia msimamizi, ambaye mara nyingi hujitolea tu. Wanaonufaika wamchangie.