Kombi ya Marehemu Baba: Itiwe Injini ya Subaru?

Kama umewahi kuiacha barabara kuu ya Mombasa pale Salama ukapanda vilima vya Kilungu kuelekea Nunguni, basi wajua ninachotaka kuzungumzia leo. Barabara hujipinda mara huku mara kule, mashamba yamepangwa ubavuni mwa mlima kama ngazi, na gari kuukuu huanza kuhema kabla ya kufika nusu ya safari. Abiria nao hunyamaza, kila mmoja akilisukuma kwa moyo.

Wiki hii nina swali la msomaji wa huko huko Nunguni. Marehemu baba yake alikuwa dereva wa watalii. Kampuni ilipoyauza magari yake ya zamani, mzee akajinunulia Kombi moja ya Volkswagen ya miaka ya sabini, ile yenye paa la kuinuka, akaitia kitanda na jiko dogo la gesi. Tangu mzee afariki, Kombi imekaa chini ya mparachichi. Sasa ndugu wamekubaliana kuifufua ili wampeleke mama yao, mwaitu kama wanavyomwita, akaione bahari mwezi wa Desemba. Taabu ni kwamba gari halina nguvu, na fundi mmoja amewaambia, "Tieni injini ya Subaru, mtapaa!" Pesa zilizopo zimo ndani ya fahali mmoja zizini, na fahali huyo ndiye karo ya kitinda mimba Januari. Msomaji anauliza: tumuuze?

Ndugu yangu, kabla ya kumfungua fahali kamba, hebu tuelewe kwanza ni kwa nini Kombi huhema.

Kombi ya kwanza ilipotoka kiwandani Ujerumani mwaka 1950, injini yake ilikuwa ya cc 1131 yenye nguvu za farasi 25 tu. Ya kwenu, ikiwa bado ina injini ya cc 1600, ina nguvu zipatazo 50. Injini hiyo ni nduguye ile ya Beetle, na wazee watakumbuka kuwa Beetle ilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na tena 1962. Lakini Beetle ni gari jepesi. Kombi ikipakiwa watu wanane, magunia, mitungi ya maji na kitanda, hukaribia tani 2.

Fauka ya hayo kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalitaji. Injini hula hewa kama inavyokula petroli, na kadiri unavyopanda mlima ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Kwa kila mita 1,000 za kimo, injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Nunguni iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Kwa hiyo zile nguvu 50, hata injini ikiwa mpya, huko kwenu zinabaki 42 hivi. Na ya kwenu si mpya. Huenda imebaki na 30. Kombi hiyo hiyo ikifika Mombasa mtadhani imebadilishwa usiku.

Sasa tuje kwa Subaru. Fundi wenu hakutoa neno hilo hewani. Injini za Subaru za cc 2000 zina silinda nne zilizolala chali, mbili upande huu na mbili upande ule, sawasawa na za Kombi. Ni fupi, zinaingia katika kile chumba cha nyuma, na hata zile zisizo na turbo zina nguvu 125 na zaidi. Watu wa Ulaya, Marekani na Australia wamezitia katika Kombi kwa miaka mingi. Kwetu Kenya, kwa vile Subaru zimejaa, injini zake zilizotumika zinapatikana Nairobi kwenye maduka ya spea ya Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wengi bado wanaiita Grogan.

Tena si dhambi kuibadilisha. Wenye kiwanda wenyewe walifanya hivyo. Afrika Kusini Kombi ya umbo la tatu iliendelea kuundwa hadi 2002, na tangu 1991 ilikuwa ikitiwa injini za Audi za silinda tano. Brazil nao, ambako Kombi ya umbo la pili iliundwa hadi Desemba 2013, miaka yao ya mwisho waliitoa injini ya kupozwa kwa hewa wakatia ya cc 1400 inayopozwa kwa maji, na rejeta wakaibandika mbele usoni.

Hiyo rejeta ndiyo mwanzo wa hesabu. Injini ya zamani hupozwa na feni na upepo. Ya Subaru yataka maji, na maji yataka rejeta. Rejeta ikiwekwa nyuma haipati upepo wa kutosha, kwa hiyo yafaa ikae mbele, na mabomba ya maji yapite chini ya gari kutoka mkiani hadi puani na kurudi. Kisha lipo bamba la chuma la kuiunganisha injini na giaboksi, nalo lazima lichongwe na fundi wa mashine ya kukereza, si kwa kukisia. Flaiwili na klachi lazima zioane. Sampu ya mafuta hukatwa ifupishwe isije ikagonga mawe. Kuna kompyuta ya injini na msitu wa nyaya zake, ambazo fundi asiyezijua atazikata kama anayepogoa mkahawa. Yule anayekutajia bei ya injini peke yake amekutajia bei ya kwato, ng'ombe bado.

Halafu petroli. Hapa naomba unisome polepole. Injini ya kabureta husukumiwa petroli kwa nguvu ndogo sana. Ya Subaru husukumiwa kwa nguvu inayozidi hiyo mara kumi. Mipira ya petroli iliyokaa chini ya mparachichi miaka yote hiyo imekwisha kukauka na kupasuka, nayo inapita karibu na injini ya moto, tangi likiwa jirani kabisa. Kombi nyingi duniani zimekufa kwa moto kwa sababu ya mpira mmoja uliovuja, na kava la injini ya zamani ni la magnesi, madini ambayo yakishika moto hayazimwi kwa ndoo ya maji. Sasa fikiria watoto wamelala kwenye kitanda kilicho juu ya injini hiyo. Kwa hiyo, mkibadilisha injini au msibadilishe, mipira yote ya petroli itolewe, na mipya iwe ya aina inayostahimili injini mliyo nayo. Kazi hii haihitaji fahali. Jogoo wawili watatu wanatosha.

La pili ni breki. Ndugu yangu, wewe umeniuliza juu ya kupanda, lakini mimi usingizi wangu unakatwa na kuteremka. Kombi za umbo la pili zilizotoka kabla ya Agosti 1970 zina breki za dramu magurudumu yote manne. Za baadaye zina diski mbele. Zote zilipimwa kwa gari la nguvu 50 ambalo hata kwenye tambarare halizidi sana kilomita 105 kwa saa. Gari likitoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, kazi ya breki haiongezeki kwa robo kama unavyodhani. Huongezeka kwa zaidi ya nusu. Sasa mteremke kutoka Nunguni mpaka Salama mkiwa mmejaa, mafuta ya breki yakiwa ni yale ya enzi za mzee! Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Breki zikipata moto, unyevu huo huchemka na pedali huzama mpaka sakafuni. Kona inakusubiri, na injini ya Subaru haina la kukusaidia.

Na kumbuka Kombi haina injini mbele. Mbele kuna bati, kioo, na magoti ya aliyekaa hapo. Kwa desturi zetu, ni nani anayeketishwa kiti cha mbele kwa heshima? Mwaitu.

Kwa sababu hiyo rai yangu ni hii: msimuuze fahali. Anzeni na breki: silinda za magurudumu, mipira, mafuta mapya, dramu zikaguliwe. Fuatieni magurudumu na mikanda ya viti. Kisha mtafuteni fundi mzee anayezijua Volkswagen, wapo bado, aipime kompresheni ya kila silinda na kurekebisha vali injini ikiwa baridi. Achunguze pia raba inayozunguka chumba cha injini. Wengi huiona kama takataka, kumbe ndiyo inayozuia hewa ya moto kutoka chini isipande kunyonywa tena na feni. Bila raba hiyo injini hujipika yenyewe mlimani. Oili ni lita 2 na nusu tu, kwa hiyo ikipungua nusu lita si jambo la kupuuza.

Iwapo kompresheni ni mbovu na ni lazima injini ifunguliwe, hapo ipo njia ya katikati. Injini hiyo hiyo yaweza kutiwa pistoni na silinda pana zaidi ikawa ya cc 1776, bila rejeta, bila kompyuta, bila kubadilisha giaboksi. Haitapaa. Itapanda Kilungu kwa gia ya tatu pale ilipokuwa ikiomba ya pili, na hilo lanitosha mimi. Subaru ingoje mwaka ambao hakuna karo. Mkifika huko, hakikisheni muuzaji amewapa risiti na karatasi za kuingizwa nchini, na nambari ya injini haikusuguliwa, maana injini ya gari la wizi itawafikisha kituoni kabla ya baharini. Nambari mpya sharti ipelekwe kwa NTSA ili logibuku ibadilishwe, na kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi.

Umeuliza pia kama injini ya zamani, ikitolewa siku moja, yaweza kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopita na mizani. La. Itieni oili kidogo kwenye kila tundu la plagi, izungusheni kwa mkono mara mbili tatu, mzibe matundu kwa matambara safi, kisha muipandishe juu ya mbao ghalani panapokauka, na kibandiko chenye nambari yake na jina la mzee.