Misumari ya baba mdogo

Nimemkumbuka baba mdogo wangu wa Kilosa, fundi wa kila kitu, Mungu amrehemu. Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa Desemba 2009, ukabomoa nyumba za watu na kung'oa reli, hakungoja kuitwa. Aliokota misumari iliyopinda kwenye matope, akakaa kwenye kigoda akiinyoosha mmoja mmoja juu ya kipande cha reli, ta, ta, ta, huku wanawe wakiipanga kwenye kopo la maziwa. Ndiyo hiyo iliyorudisha milango ya majirani, na wengi hakuwadai hata shilingi.

Kazi yenye hela aliipata Mikumi, kwenye nyumba za wageni kando ya barabara ya Iringa: vitasa, mabomba, paa linalovuja. Lakini Jumamosi jioni lazima arudi Kilosa, na Jumapili usiku sare za watoto alizipiga pasi mwenyewe. Sijawahi kumwona mwanamume aliyeipenda nyumba yake vile.

Poleni wote mliofiwa na mtu wa aina hii. Randa yake bado iko juu ya kabati. Mama mdogo huifuta vumbi kila Ijumaa.