Kabla ya kuvuka Kasumbalesa, uende kwanza Lofoi

Kila mwisho wa mwaka ni vile vile hapa Ruashi. Wale waliobahatika kupata franga kidogo wanavuka mpaka wa Kasumbalesa, wanaingia Zambia, wanaenda mpaka Livingstone kupiga picha mbele ya maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Ni safari ya karibu kilometa 1,000. Wakirudi, lupango nzima inazunguka telefone kuona picha.

Simkatazi mtu. Mosi-oa-Tunya ni mazuri kweli. Lakini muulize huyo msafiri: Lofoi iko wapi? Mara nyingi atanyamaza.

Lofoi iko kwetu, Haut-Katanga, ndani ya hifadhi ya Kundelungu, kaskazini ya Lubumbashi. Umbali wake haufiki robo ya safari ya Livingstone. Maji yanaanguka kutoka juu ya mlima kwa mruko mmoja wa zaidi ya mita 300. Mosi-oa-Tunya ni mita 108. Ni kweli, ya Zambia ni mapana na yana maji mengi zaidi, na wakati wa jua Lofoi inapunguka mpaka inakuwa kama uzi. Lakini nenda mvua inapomalizika, mwezi wa 4 au wa 5, utaona mambo ambayo jirani hawana.

Wageni wakisikia Congo wanataja Virunga na gorila. Hifadhi hiyo ni ya 1925, sifa yake inajulikana dunia nzima, na tunaumia pamoja na ndugu zetu wa Kivu tangu Goma ilipoanguka Januari 2025. Lakini Upemba ilianzishwa 1939, na Kundelungu 1970. Ni Upemba inayochunga pundamilia wa mwisho wa nchi hii. Watoto wetu wanamjua pundamilia wa kwenye kitabu cha masomo, hawajui kama bado anakula majani katika Katanga hii hii.

Ongeza maporomoko ya Kiubo kwenye mto Lufira. Ongeza ziwa Moero, kule Kilwa na Pweto, ambako mvuvi anakuuzia samaki angali anarukaruka, wakati sisi hapa tunakula bukari na thomson ya barafu iliyotoka baharini mbali.

Najua mtakachojibu. Mtasema barabara ni mbovu. Ni kweli, na hapo ndipo penye kesi yangu. Barabara ya kubebea shaba inatafutiwa pesa haraka. Barabara ya kwenda Mitwaba inangojea, kwa sababu wakubwa wanasema hakuna anayekwenda huko. Na hakuna anayekwenda kwa sababu hakuna barabara. Nani atakata kamba hiyo kama sisi wenyewe hatuanzi kudai?

Mtasema usalama. Hapo sitawadanganya. Mitwaba, Pweto na Manono hazikuitwa pembetatu ya kifo kwa mchezo, na hata leo si kila njia ya kaskazini ni ya kupita ovyo. Kabla ya kuondoka, ulizeni walinzi wa hifadhi, ulizeni madereva wanaotoka huko wiki hiyo. Wakisema ngojeni, mngojee. Lakini jimbo letu ni kubwa. Kuogopa njia moja kusitufanye tufunge njia zote.

Kuna jibu la tatu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi: «Unazungumzaje habari ya vakansi mbele ya watu waliokimbia vita?» Mama mmoja aliyetoka upande wa Mitwaba aliniambia hivyo, akiwa anauza makala mbele ya mlango wake hapa Ruashi. Nimelifikiria sana neno lake. Mama, una haki ya kukasirika. Lakini watoto wako waliozaliwa hapa wanasikia jina la kwenu kwa habari moja tu: bunduki. Hawajui mto uliokuwa unaoga. Hawajui mlima uliokuwa unauona kila asubuhi. Nani atawafundisha kama si wewe? Na siku mgeni atakapolipa kuuona mlima huo, anayestahili kumwonyesha njia na kumpikia ni mtoto wa pale, si mtu aliyeletwa kutoka mbali.

Sehemu isiyotembelewa haina mtetezi. Miti inakatwa inakuwa makala, nyama inauzwa kwa kificho, wachimbaji wanaingia usiku, na hapa mjini hatusikii, kwa sababu hatujawahi kuona kinachopotea. Mtu hawezi kulilia kitu asichokijua.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Serikali ya jimbo itengeneze barabara za Kundelungu, Kilwa na Mitwaba, na bariere za kunyang'anya wasafiri ziondoke. Bei ya kuingia katika hifadhi ibandikwe wazi mlangoni, kwa franga, kusudi mwalimu na muuza soko waweze kujipanga. Na sehemu ya pesa hiyo ifike kijijini, ionekane kwa macho: pompi ya maji, darasa, dawa. Mwenye kijiji asipofaidika, ataiona hifadhi kama shamba lake lililonyang'anywa, na hatakuwa na kosa.

Na ninyi wenye kujiandaa kwa Livingstone, sisemi mfute safari. Nasema mwaka huu mpange ya kwetu kwanza. Kodini gari watu kumi, mbebe unga, maji na gurudumu la akiba, mwende Lofoi mwezi wa 5. Picha hizo mkizileta Ruashi, mwiteni na yule mama wa makala aje kuzitazama. Yeye ndiye atakayewaambia majina ya milima.