Stori Ni Yako, Mshiko Ni Wao

Wiki hii habari za mapenzi tuziweke pembeni kidogo, maana kuna kijana kaniacha na mawazo.

Alinijia na kaunta buku limejaa stori ya filamu. Ni habari ya mama muuza vitumbua aliyekopa kwenye kikundi cha akina mama ili amlipie mwanawe ada ya chuo. Mtoto kazitumbua zile hela mjini, na akina mama wanajiandaa kuja kubeba godoro. Jamani, niliisoma mpaka chai ikapoa.

Akaipeleka kwa prodyuza mmoja. Jamaa kafunua kurasa nne tu, akauliza: "Jumba la kifahari liko wapi? Jini je? Nani atoe hela yake kumwangalia mama anakaanga vitumbua?" Akamwambia aongeze hayo, mshiko upo. Kijana mwenyewe anadaiwa kodi ya miezi mitatu. Ndiyo akaniuliza: "Braza, niuze au nigome?"

Wengi wangemwambia agome, eti sanaa haiuzwi. Mimi nasema huyo prodyuza si adui, anaogopa hasara. Swali lake la mwisho ni la maana, ila majibu aliyojipa mwenyewe ndiyo ya kivivu.

Waliokulia kwenye vibanda umiza wanajua sheria zake: kuna steringi, kuna adui, na steringi hafi. Hakuna aliyechoka kumwona steringi. Watu walichoka pale walipojua mwisho kabla hata ya kukaa kwenye benchi.

Mcheki Sylvester Stallone. Tarehe 24 Machi 1975, akiwa muigizaji asiye na jina, aliangalia pambano la Muhammad Ali na Chuck Wepner, bondia ambaye hakupewa nafasi kabisa. Wepner alipigwa, lakini baada ya kufika raundi ya 15! Stallone akaingia ndani, na baada ya siku tatu na ushee alikuwa na skripti ya kwanza ya Rocky.

Sasa, bondia maskini anayepata bahati si jambo jipya, filamu za hivyo zilikuwepo tele. Kilichokuwa cha Stallone ni mwisho wake: steringi anashindwa kwa pointi! Rocky alitaka kitu kimoja tu, kengele ya mwisho ilie akiwa bado kasimama. Na walipotaka kuinunua skripti ili wampe staa mwingine, Stallone alikataa mpaka acheze yeye. Filamu ikatoka mwaka 1976 kwa bajeti ya kama dola milioni moja, na mwaka 1977 ikabeba Oscar ya filamu bora.

Utasema hayo ni ya Marekani. Haya, njoo Nigeria mwaka 1992. Mfanyabiashara Kenneth Nnebue alitoa Living in Bondage, mkanda wa video kwa lugha ya Kiigbo, na wengi wanauhesabu kuwa ndio ulioifungulia njia Nollywood. Mle mna magari, mna utajiri, na mna mzimu pia! Lakini ule mzimu haukubandikwa ili kuuza. Andy anamtoa kafara mkewe Merit ili atajirike, na Merit anarudi kumtesa. Mzimu ule ni deni lililokuja kudaiwa.

Basi nikamwambia kijana achukue karatasi aandike mistari miwili. Wa kwanza, kile ambacho kila mtu anakijua katika stori yake: deni, aibu, mama na mtoto. Hapo ajadiliane na prodyuza bila kununa. Wa pili, kile ambacho yeye peke yake kakiona: yule mama anavyoamka saa tisa usiku kukaanga, huku akihesabu siku zilizobaki. Huo asiuguse mtu.

Kisha afanye ukarabati. Asianze na vitumbua, aanze na hodi ya akina mama mlangoni. Ampe mama siku saba za kulipa, ili kila anayeangalia ahesabu naye. Zile hela mtoto kazimalizia kwa mrembo? Basi penzi lipo tayari, alionyeshe. Jumba la kifahari? Labda ndilo mama anakopeleka vitumbua kila asubuhi, anapita mlango wa nyuma. Jini hapana, kwa sababu ndani ya nyumba ile hakuna aliyemwita.

Na kama prodyuza atakomaa na jini lake? Amwandikie stori nyingine, ya jini tupu toka mwanzo, alipe kodi yake. Hiyo nayo ni kazi halali. Ila ya mama airudishe sandukuni isubiri siku yake. Ukishaiuza ikiwa imeharibiwa, hutaipata tena.

Kijana aliondoka kanuna. Jumamosi karudi, hodi ya akina mama iko ukurasa wa kwanza. Prodyuza safari hii kasoma kurasa ishirini bila kunyanyua kichwa, kisha kauliza: "Mama analipa au halipi?"

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia amalizie kusoma."

Kodi bado anadaiwa. Lakini hapo, mwanangu, biashara imeanza. Tukutane wiki ijayo.