Kuacha mnada wazi ni jambo moja, kuficha takwimu ni jingine

YAPO mambo mawili yaliyofanyika nchini mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa corona, ambayo hadi leo watu wengi huyazungumza kana kwamba ni jambo moja. La kwanza ni Serikali kukataa kuwafungia wananchi ndani. La pili ni Serikali kuacha kutangaza idadi ya wagonjwa. Wanaosifu la kwanza hujikuta wakitetea na la pili. Wanaolaumu la pili hulaumu yote mawili kwa pamoja.

Kwa mkulima wa pamba wa Kishapu, mfanyabiashara wa mchele wa Kagongwa na mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, kuyachanganya mambo haya kuna gharama. Ugonjwa mwingine utakuja, na siku hiyo itabidi tujue lipi la kurudia na lipi la kuacha.

Tukumbushane kidogo. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020, mkoani Arusha. Kesho yake Serikali ikatangaza kufunga shule, na mikusanyiko kadhaa ikazuiwa. Lakini masoko, minada, mashamba na migodi havikufungwa. Jirani zetu walichukua njia nyingine. Rwanda iliwataka wananchi wake wabaki majumbani kuanzia mwezi huo huo wa Machi, Uganda nayo ikafuata. Huko Uganda shule zilikuja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022, wakati kwetu wanafunzi wote walikuwa wamerudi madarasani kufikia mwisho wa Juni 2020.

Kwa maoni yangu, uamuzi wa kutofunga masoko ulikuwa sahihi kwa ukanda huu wa Shinyanga na Geita, na sababu zake ni za kibiashara kabisa. Mama lishe wa Katoro hununua unga, maharage na mkaa asubuhi kwa fedha aliyoipata jana. Ukimfungia siku tatu, mtaji wake umeliwa na watoto wake mwenyewe, na hakuna benki itakayompa mwingine. Kibarua wa kwenye duara hana mshahara. Hulipwa kwa mgao wa mawe yakipatikana. Mkulima naye hawezi kuiambia pamba isubiri, maana ikishapasuka lazima ichumwe. Serikali isiyo na fungu la kulisha watu hawa haina namna ya kuwaambia wakae ndani na wakatii.

Hapo ndipo sifa zinapoishia. Aprili 29, 2020 Serikali ilitoa takwimu za nchi nzima: wagonjwa 480 na vifo 16. Siku chache baadaye, Mei 3, aliyekuwa Rais, marehemu John Magufuli, akiwa Chato, alieleza kwamba sampuli zilizochukuliwa kwenye papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa siri na baadhi zikaonekana zina corona. Mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa. Baada ya hapo utaratibu wa kutoa takwimu ulikoma kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Kama vipimo vilikuwa na kasoro, dawa yake ilikuwa kurekebisha vipimo. Mwenye karasha akigundua mizani yake inadanganya hatupi mizani akaanza kupima mawe kwa macho. Hutafuta fundi, au hununua mizani nyingine.

Hoja iliyotolewa wakati ule ni kwamba takwimu zinaleta hofu, na hofu inaua kuliko ugonjwa wenyewe. Ni kweli kwamba hofu ni mbaya sokoni. Lakini swali la kujiuliza ni hili: je, takwimu zilipokoma, hofu ilikoma? Kila aliyekuwa na meza sokoni mwaka ule anajua jibu. Limao na tangawizi vilipanda bei karibu kila mahali nchini kwa sababu watu walitafuta kinga na tiba walivyoweza. Nyungu zikafukizwa majumbani. Mazishi yakahesabiwa kwa kunong'onezana. Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki liliwatahadharisha waumini wake kuhusu wimbi jipya la maambukizi, wakati Serikali ikiwa haina tarakimu ya kuwapa wananchi. Pengo halikai wazi. Asipolijaza daktari, litajazwa na uvumi. Na uvumi hupandisha na kushusha bei bila kumwaga mtu yeyote taarifa za kumwezesha kupanga.

Wakazi wa Kanda ya Ziwa tunalijua hili kwa mfano wa zamani zaidi. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa na maelezo, wananchi wa huko waliupa ugonjwa jina la Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Fikiria wewe ndiye uliyekuwa na robota la nguo zile. Ugonjwa usio na maelezo ulipewa jina la bidhaa.

Kilichosaidia kubadilisha hali ni watu kuhesabu na kusema. Kati ya mwaka 1991 na 1994 watafiti walifanya kazi katika vijiji vya mkoa wa Mwanza, ambao wakati ule ulijumuisha Geita. Waliboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya na zahanati za kawaida, kisha wakalinganisha na maeneo ambayo hayajapata huduma hiyo. Maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa karibu asilimia 40. Matokeo yakachapishwa mwaka 1995 na dunia nzima ikajifunza kutoka kwetu. Mwishoni mwa mwaka 1999 Rais Benjamin Mkapa alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa, na mwaka 2001 ikaundwa Tume ya Taifa ya Kudhibiti UKIMWI. Mwaka 2002 mgodi wa dhahabu wa Geita ukaanzisha safari za kupanda Mlima Kilimanjaro kuchangisha fedha za mapambano hayo. Katika kipindi chote hicho hakuna aliyefunga mnada wala duara. Biashara iliendelea na ukweli ukasemwa. Kumbe mambo hayo mawili yanaweza kwenda pamoja.

Turudi kwenye corona, tuangalie mfukoni. Ugonjwa ulimfikia mkulima wa pamba hata kijiji ambacho hakikuwa na mgonjwa hata mmoja. Viwanda vya nguo duniani vilipofungwa, bei ya pamba katika soko la kimataifa ilishuka kutoka takriban senti 70 za Marekani kwa ratili mwezi Januari 2020 hadi karibu senti 50 mwanzoni mwa Aprili. Hapa nchini bei elekezi iliyokuwa Sh1,200 kwa kilo msimu wa 2019 ikawa Sh810 msimu wa 2020. Wakati huo huo wenye fedha duniani walikimbilia dhahabu, na Agosti 2020 bei yake ikavuka dola 2,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza katika historia. Kwa hiyo ndani ya ukanda mmoja, Kishapu walilia na Katoro walicheka, na chanzo ni ugonjwa ule ule.

Hiyo si hasara iliyoletwa na kuficha takwimu. Bei ya dunia haipangwi Dodoma. Lakini inaonyesha kwamba taarifa za ugonjwa ni taarifa za bei. Mkulima aliyeelezwa mapema kwamba viwanda vya nje vimefungwa anaweza kuchelewesha deni la bati, akapunguza vibarua, au akaweka akiba ya mtama badala ya kuuza wote. Aliyeambiwa kwamba hakuna tatizo hukutana na tatizo kwenye mizani ya chama cha msingi.

Gharama nyingine ilikuwa barabarani. Mizigo ya Rwanda na Burundi hupita Isaka, Kahama, Ushirombo na Runzewe kuelekea mpaka wa Rusumo. Njia hiyo inalisha mahoteli, vituo vya mafuta, mafundi wa matairi na wauza matunda wasio na idadi. Mwaka 2020 Rwanda iliagiza malori ya nje yakabidhiwe kwa madereva wengine mpakani, na mwezi Mei madereva wa Tanzania wakagoma Rusumo hadi serikali mbili zilipokaa na kuelewana. Mei 16 Kenya nayo ikafunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria, na madereva wa malori wakatakiwa kupimwa kwanza. Kwa haki, madereva wa nchi nyingine nao walisumbuliwa katika mipaka ya Afrika Mashariki mwaka ule. Tofauti ni kwamba wenzetu walikaa mezani wakiwa na takwimu mkononi. Sisi tuliomba tuaminiwe kwa maneno matupu, na mfanyabiashara yeyote anajua kwamba asiye na daftari hana hoja mbele ya mdai wake.

Bili ya mwisho ililetwa na chanjo. Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan ilizindua chanjo ya corona Julai 28, 2021, baada ya kupokea dozi zaidi ya milioni moja. Miezi sita tu kabla ya hapo, Januari 27, wananchi walikuwa wameambiwa kutoka Chato kwamba chanjo hizo hazifai. Si ajabu kwamba wengi walisita mwanzoni. Imani ni kama mkopo: ukiutumia vibaya, safari ya pili huupati kwa riba ile ile.

Je, tumejifunza? Kwa kiasi fulani ndiyo. Machi 21, 2023 Serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg wilayani Bukoba. Wagonjwa tisa walihesabiwa, sita wakafariki, na Juni 2 mlipuko ukatangazwa kwisha. Takwimu zilitolewa, nchi haikufungwa, biashara haikufa. Huo ni ushahidi kwamba hofu ya takwimu haina msingi.

Lakini Januari 2025, ugonjwa huo huo ulipoibuka Biharamulo, jirani kabisa na Chato, tulianza kuyumba tena. Katikati ya mwezi Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa za washukiwa, na Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha ugonjwa. Siku chache baadaye, Januari 20, Rais mwenyewe akathibitisha mbele ya mkuu wa shirika hilo kwamba mgonjwa mmoja amepatikana. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha Machi 13, waliothibitishwa na walioshukiwa kwa uzito walifikia 10, na wote walifariki dunia. Kwa ugonjwa unaoua kiasi hicho, siku chache ni nyingi. Katika siku hizo magari ya abiria yaliendelea kutoka Biharamulo kwenda Katoro na Kahama, yakibeba watu wasiojua wajihadhari na nini.

Nini kifanyike? Nina mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kwanza, mlipuko ukitangazwa, kila halmashauri ibandike kila wiki idadi ya wagonjwa wa wilaya yake kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata, vyama vya msingi, masoko ya madini na lango la mnada. Idadi ikiwa sifuri, iandikwe sifuri. Mchuuzi atajua aende mnada upi na aache upi.

Pili, minada isifungwe bali ipangwe. Sehemu ya ushuru unaokusanywa pale pale ununue matenki ya maji na sabuni, na vizimba vya ng'ombe vitenganishwe na eneo la chakula. Tunalipa ushuru kila wiki. Si vibaya tukauona ukirudi kwa sura ya ndoo ya maji.

Tatu, machimbo yapewe uzito wa pekee. Dhahabu ikisikika imetoka mahali, maelfu huhamia hapo ndani ya siku chache kutoka kila mkoa, wakilala kwenye mabanda na kutumia maji ya mwalo mmoja. Mwenye leseni awajibike kuwa na maji safi, vyoo, na mtu wa kutoa taarifa kwenye zahanati iliyo jirani mara anapoona homa isiyoeleweka. Na anayetoa taarifa asionekane msaliti aliyefungisha duara.

Nne, na hili ni letu sisi wenyewe. Viongozi wa vyama vya msingi wawasomee wanachama bei ya pamba ya dunia kila wiki, hasa wakati wa ugonjwa. Mchuuzi apunguze kukopesha na asikope ili kulangua limao. Biashara ya uvumi huisha ghafla kama ilivyoanza, na anayebaki na mzigo ni mdogo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwaka 2020 Serikali ilituamini tuendelee kufanya kazi katikati ya hatari, na tulifanya. Ilipaswa kutuamini pia tujue ukubwa wa hatari hiyo. Mtu anayeweza kuamua mwenyewe lini apande, auze kwa bei gani na ashuke duara lipi, hashindwi kubeba tarakimu mbili tatu za wagonjwa.